Meza ya Mama Fundi: Nobu inayotetemeka, plagi inayofanana, na bei ya siku yako

Toleo lililopita niligusia kidogo habari za nobu, yaani padi ya kuzungusha ya michezo ya video: hubonyezi kushoto wala kulia, unaizungusha kwa vidole na mstari kwenye skrini unaufuata mkono wako. Nilidhani ni jambo la watu wachache. Barua zimekuja nyingi kuliko za redio na pasi kwa pamoja, kwa hiyo leo meza nzima ni ya watu wa nobu. Kwa wageni: karakana yangu iko Ndeeba, Kampala, upande wa wauza mbao. Nilizaliwa kambini Jinja, baba yangu akiwa fundi wa redio jeshini, na chuma cha kulehemu nilikishika kabla ya kalamu ya wino. Nobu natengeneza na kuuza mwaka wa tisa sasa.

*Shikamoo Mama Fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Uingereza na Atari 2600 ya zamani pamoja na nobu zake mbili. Mashine inawaka vizuri, lakini mstari unatetemeka hata nisipogusa kitu, na kuna mahali unaruka ghafla kutoka pembeni hadi katikati. Nizifungue au nitafute nyingine?*
*Mwalimu wa Fizikia, Mbale*

Marahaba, mwalimu. Fungua. Ndani utakutana na kitu unachokijua, voliumu kama ile ya redio. Kila nobu ya Atari 2600 ina voliumu moja ya megaomu 1 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) na kitufe kimoja cha kufyatulia, basi. Nobu mbili zinashirikiana plagi moja ya pini tisa, ndiyo maana mashine yenye matundu mawili tu iliweza kuchezesha watu wanne.

Namna mashine inavyoisoma hiyo voliumu itakufurahisha, na ningekuwa wewe ningeipeleka darasani. Ndani ya mashine mna kapasita. Programu inaimwaga chaji yake yote, kisha inaiacha ijae tena kupitia voliumu yako, huku ikihesabu mistari ya skrini inayochorwa mpaka ijae. Omu zikiwa nyingi, kapasita inachelewa kujaa na hesabu inakuwa kubwa. Omu zikipungua, inajaa upesi. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua mchezaji wako asimame wapi. Mashine haijui kabisa pembe ya mkono wako, inajua muda tu. Sasa fikiria kile kidole cha chuma kinachoteleza juu ya njia ya kaboni. Vumbi likiingia chini yake, omu zinapanda na kushuka bila wewe kugusa chochote, muda unabadilika, mstari unatetemeka. Hiyo ndiyo hali yako.

Vuta nobu ya plastiki juu, utaona nati chini yake. Fungua na skrubu za tako. Usipulizie mafuta ya cherehani wala ya baiskeli, yanakusanya vumbi na baada ya mwezi utakuwa umerudi ulikoanzia. Nunua spirei ya kusafishia swichi, ile wanayotumia mafundi wa simu, puliza kidogo kwenye uwazi wa voliumu, zungusha mwisho hadi mwisho mara hamsini, acha ikauke. Kisha pima. Hapa napenda mita ya mshale kuliko ya tarakimu: ukizungusha polepole, mshale unapanda kama mtu anayepanda kilima, na penye ubovu unauona ukijikwaa. Mita ya tarakimu inakurushia namba tu, jicho halikamati.

Kule kutetemeka kutakwisha kwa usafi. Ule mruko wa ghafla nina shaka nao. Inawezekana kaboni imelika mahali hapo, na kaboni iliyolika hairudi. Tafuta voliumu mpya iliyoandikwa B1M. Herufi B kwa kawaida ina maana kwamba omu zinaongezeka sawasawa kadiri unavyozungusha. A ni ya sauti, inaongezeka kidogo mwanzoni halafu kwa kasi. Lakini usiiamini herufi. Iweke voliumu katikati na upime: ikiwa ya sawasawa, utapata karibu kiloomu 500. Ukipata 100 au 150, rudisha dukani. Kwa nini nasisitiza hivi, nitaeleza kwenye barua ya kijana wa Ntinda.

Na kama mjomba atakuletea Commodore 64, kompyuta ya zamani ya nyumbani, siku moja, hiyo inataka kiloomu 470. Nobu za Atari zitaingia na zitafanya kazi, lakini karibu nusu ya mzunguko mstari utakuwa umeshafika mwisho na umegoma.

*Mama, mimi ni mwanafunzi, nyumbani tuna ile TV game ya kaseti za njano. Nimeona tundu lake lina pini tisa kama la Atari. Nikiunda nobu kwa voliumu mbili itafanya kazi?*
*Arua*

Hapana, mwanangu, na nashukuru umeuliza kabla ya kulehemu. Umbo la plagi ni moja, lugha ni nyingine. TV game yako ni mwigo wa Famicom, mashine ya michezo ya Nintendo. Padi yake ina chipu ndani inayopanga hali ya vitufe vinane foleni, na mashine inaviita kimoja kimoja. Voliumu haijui kusimama foleni. Taito walipotoa mchezo wa Arkanoid kwa Famicom mwaka 1986 waliuza na padi yake maalumu yenye nobu, kwa sababu padi za kawaida hazikuweza kazi hiyo.

Hatari zaidi ni Sega Mega Drive. Nayo ina tundu la pini tisa, nayo nobu ya Atari inaingia bila kulazimisha. Kwenye Atari volti 5 ziko pini ya 7. Kwenye Mega Drive ziko pini ya 5, na pini ya 7 ni ya ishara. Nobu yako imeunganisha pini hizo mbili kupitia voliumu. Ukizungusha hadi mwisho omu zinakaribia sifuri, na hapo volti 5 zinaingia moja kwa moja kwenye waya wa ishara. Mimi kila nobu ninayouza nabandika karatasi shingoni mwa plagi: ATARI TU. Karatasi ndogo, imeniokoa mara nyingi.

*Dada Fundi, mimi seremala. Rafiki yangu ana kompyuta anayochezea michezo ya zamani ya kwenye kumbi, anataka nobu inayozunguka bila kikomo, kama ya Tempest. Sanduku naliweza. Ndani niweke nini?*
*Masese, Jinja*

Kaka yangu, barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha, maana kwa kawaida nawapata watu wanaojua waya na hawajui mbao.

Voliumu hapa haifai, inazunguka karibu robo tatu ya duara na kukwama. Unahitaji enkoda, kifaa kinachozunguka bila kikomo na kutoa pigo za umeme za kuhesabiwa. Hata Atari wenyewe walikuwa na nobu ya aina hiyo, waliyoitoa kwa mchezo wa magari wa Indy 500; kwa nje inafanana na ile ya voliumu kabisa, ila ndani inatoa hatua 16 tu kwa mzunguko. Kwa gari inatosha. Kwa Tempest ya mwaka 1981, ambako unazunguka ukingoni mwa shimo na adui wanapanda kutoka chini, hatua 16 ni chache mno.

Nunua enkoda ya macho, ile ya pigo 600 kwa mzunguko yenye mhimili wa milimita 6. Ndani yake taa inapita kwenye kisahani chenye mianya na kutoa ishara mbili, tuziite A na B, moja ikitangulia nyingine kwa robo ya pigo. A ikitangulia, mkono unakwenda kulia; B ikitangulia, kushoto. Ukihesabu kila kupanda na kila kushuka kwa zote mbili, pigo 600 zinakuwa hatua 2,400. Nyingi ya enkoda hizi hazitoi volti zenyewe, zinavuta waya chini tu, kwa hiyo lazima uweke rezista za kuvuta juu au uziwashe zile zilizomo kwenye ubao wa kielektroniki. Wengi hulisahau hili, halafu wanasema enkoda ni mbovu.

Ubao huo, ule mdogo unaoupangia programu, uwe wa Arduino wenye chipu ya ATmega32U4, kama Leonardo. Huo unaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa mausi, na MAME, programu inayoendesha michezo ya zamani ya kumbi kwenye kompyuta, ikiruhusiwa kusoma mausi itaichukua nobu yako bila maswali. Arduino Uno R3, ile ya kawaida, haina uwezo huo kwa chipu yake kuu.

Sasa kosa moja lililonila wiki mbili, nisingependa nawe likule. Ujumbe wa mausi kutoka kwenye ubao unabeba namba isiyozidi 127 kila upande. Niliandika programu ipumzike milisekunde 20 kati ya ujumbe na ujumbe. Polepole ilikwenda kama asali. Mtu akiizungusha kwa nguvu, mchezaji kwenye skrini alirudi nyuma! Nilibadilisha waya, nikabadilisha enkoda, nikaulaumu umeme. Piga hesabu: kwa hatua 2,400, mzunguko usiofika hata tatu kwa sekunde unatosha kuvuka 127 ndani ya milisekunde 20, na namba ikivuka inageuka kuwa hasi. Tuma ujumbe kila milisekunde moja au mbili, na kinachozidi 127 kibakize kwa ujumbe unaofuata.

Yaliyobaki ni ya mikono, nawe unayajua kuliko mimi, ila nikupe niliyojifunza. Usiuache mhimili wa enkoda ubebe nobu peke yake. Beringi za ndani ni ndogo na watu wanagonga. Mimi natia beringi ya 608, tundu la milimita 8 na upana wa nje 22, kwenye bamba la juu, halafu naunganisha mihimili miwili kwa kiungo kilichochongwa na vijana wa Katwe. Nobu yenyewe iwe nzito. Alumini nene au shaba nyeupe, ili ukiipiga kwa kidole iendelee kuzunguka yenyewe. Uzito huo ndio utamu wa michezo hii. Sanduku nalo liwe zito lisitembee mezani. Mvule ni mzuri, unakaa mahali pake miaka na miaka, lakini vumbi lake linawasha pua na macho, kwa hiyo jifunge kitambaa unapopiga msasa. Na tafadhali nitumie picha likikamilika. Kazi ya seremala kwenye mashine za namna hii naiona mara chache mno.

*Mama, nauza nobu za Atari kwa 90,000. Vifaa vinanigharimu 52,000, faida 38,000. Nobu moja inanichukua siku moja na nusu, kila oda napanda boda mjini, na wateja nawapa rangi saba wachague. Miezi sita nimeuza kumi na nane na bado nakopa nauli. Kuna mtu ananiloga?*
*Kijana wa Ntinda*

Hakuna anayekuloga, kijana wangu. Tuketi na daftari.

Umesema nobu moja inakuchukua siku moja na nusu, tuseme saa 12. Umesema pia unapanda boda mjini kila unapopata oda. Weka 8,000. Risasi ya kulehemu, vanishi, msasa na gundi, 5,000. Sanduku la kufungia na magazeti ya kujazia, 4,000. Ukijumlisha na vifaa unafika 69,000. Inabaki 21,000 kwa saa 12, yaani 1,750 kwa saa, na hapo hujaweka umeme wala nobu hata moja iliyorudishwa. Mwanafunzi wangu anayefagia na kukata waya namlipa zaidi ya hapo.

Kwanza, acha kutengeneza moja moja. Nenda mjini mara moja, nunua vifaa vya nobu sita. Chonga kalibu ya mbao ngumu yenye matundu mahali hasa pa voliumu na kitufe, uibane juu ya kila sanduku na utoboe bila kupima tena. Kalibu yangu ya kwanza ilinichukua jioni nzima na imepunguza kazi ya kutoboa kutoka saa moja hadi dakika kumi. Lehemu zote siku moja, piga vanishi zote siku nyingine. Saa zako 12 zitashuka hadi tano au sita. Na hizo rangi saba unazowapa wateja wachague, punguza ziwe mbili.

Pili, panda bei. Najua unaogopa. Mimi nilipopandisha nilipoteza wateja wanne na nililia, lakini walionibakia ndio walionunua tena na kuniletea ndugu zao. Chukua nusu ya pesa kwa simu kabla hujakata ubao. Anayekataa kutoa nusu mara nyingi atakataa pia kuja kuchukua.

Tatu, na hili ndilo la moyo wangu. Pima kila kitu kabla hakijaondoka mezani. Mwaka wangu wa pili nilinunua voliumu thelathini kwa muuzaji mmoja, zote zimeandikwa B1M, bei nzuri. Nilikuwa na haraka ya sikukuu, sikupima. Niliuza nobu kumi na mbili. Wateja wakaanza kupiga simu: mama, mwanzoni mstari unajikokota, halafu unakimbia. Nilifungua moja, nikaweka katikati, nikapata kiloomu 120. Zilikuwa za sauti, zimepigwa muhuri wa uongo. Nilizirudisha zote kumi na mbili, nikabadilisha bila malipo, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimefika Nairobi, nauli ya basi kwenda na kurudi juu yangu. Tangu siku hiyo kila nobu ina kikaratasi ndani ya kifuniko: omu za mwanzo, za katikati, za mwisho, tarehe, na herufi za jina la aliyepima. Dakika mbili tu kila moja. Mteja akifungua akakiona, anajua kuna mtu aliyekaa na kitu hiki kabla yake.

*Naweza kuandika Atari kwenye sanduku langu ili wauzaji waelewe?*
*Mbarara*

Kuandika kwamba nobu yako inafanya kazi na Atari 2600, sawa, hayo ni maelezo. Kuchora nembo yao au kuifanya ionekane wameitengeneza wao, usifanye hivyo. Tafuta jina lako, lisajili kwa ofisi ya usajili wa biashara, URSB, na lichome kwenye mbao kwa chuma cha moto. Linapendeza kuliko la mtu mwingine.

*Mama Fundi, habari za kazi. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Mkono wake wa kulia haufunguki vizuri tangu alipozaliwa, wa kushoto una nguvu kidogo. Binamu zake wanacheza game yeye anaangalia. Padi za vitufe vingi haziwezi. Nilisoma habari za nobu nikafikiria. Nisamehe kama ni usumbufu.*
*Mama, Gulu*

Si usumbufu hata kidogo, dada yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nitenge toleo zima.

Nobu inamfaa kuliko padi yoyote ninayoijua, kwa sababu inataka mwendo mmoja tu. Mchezo kama Pong, uliotoka mwaka 1972, au Breakout wa 1976, unachezwa karibu wote kwa kuzungusha, na mtoto anaweza kumshinda binamu yake kwa usawa kabisa. Nitabadilisha mambo matatu. Nobu itakuwa pana, labda sentimita nane au tisa, ili aizungushe kwa kiganja au hata kwa ngumi, isiwe lazima aibane kwa vidole. Voliumu nitachagua laini. Kuna zinazokaza na kuna zinazoteleza, na duka moja linaweza kuwa nazo zote mbili kwenye boksi moja, kwa hiyo nitakwenda kuzishika mwenyewe. Na kitufe cha kufyatulia nitakitoa kwenye sanduku. Mahali pake nitaweka tundu la milimita 3.5, kama la spika za masikioni. Swichi nyingi zilizotengenezwa kwa watu wenye ulemavu zinatumia plagi hiyo, lakini hata swichi kubwa ya kukanyaga kwa mguu, au ya kusukuma kwa kiwiko cha mkono wa kulia, nitamtengenezea. Sanduku nitaliwekea mpira chini na matundu mawili ya kulifunga kwenye meza, lisimkimbie.

Kwa upande wako nahitaji kitu kimoja. Chukua donge la udongo wa mfinyanzi, laini, ukubwa wa embe. Mwambie alishike kwa mkono wa kushoto vile anavyopenda yeye, usimwelekeze, na alizungushe mezani kama anayefungua kifuniko cha chungu. Aliache. Likaushe kivulini siku tatu, lifunge kwa nguo, ulitume kwa basi la Kampala kupitia ofisi ya gazeti hili. Nobu yake nitaichonga kwa kufuata alama za vidole vyake. Na kwenye barua itakayokuja na udongo, nimwombe yeye mwenyewe aniambie anataka rangi gani.